Shokapu: Gari la Kimarekani katika Barabara za Arusha

Msafiri wa baharini hana haja ya kufikiri sana juu ya shokapu. Maji ndiyo yanayokibeba chombo, na maji hayohayo ndiyo yanayokituliza. Nchi kavu mambo si hivyo. Gurudumu likitumbukia shimoni chuma hupigwa, na pigo lile hupanda juu, hata limfikie aliyeketi kitini. Historia ya gari, tangu lile la kukokotwa na farasi hadi hili la petroli, kwa sehemu kubwa ni historia ya kulitafutia pigo hilo njia ya kutokea.

Sura moja ya historia hiyo inaweza kusomwa katika kata ya Sombetini, upande wa kusini-magharibi wa mji wa Arusha, chini ya Mlima Meru, pale ambapo barabara iendayo Dodoma hupita Mbauda kabla ya kuuacha mji. Barabara hiyo ni kipande cha ile ambayo Waingereza waliiita Barabara Kuu ya Kaskazini, sehemu ya ndoto yao ya kuiunganisha Rasi na Kairo. Ndoto ilikuwa kubwa kuliko lami. Kwa miongo mingi aliyetoka Arusha kwenda Babati, Kondoa na Dodoma alisafiri juu ya udongo na changarawe, na kipande cha Dodoma hadi Babati, kilomita 251, kilizinduliwa kikiwa cha lami mwaka 2018. Njia ya kutoka Makuyuni hadi lango la Ngorongoro ilipata lami mwanzoni mwa miaka ya 2000, lakini baada ya lango hilo gari liliendelea kukutana na changarawe iliyojikunja mawimbi madogomadogo, magumu kama matuta ya ubao wa kufulia. Hakuna kitu kinachoiua shokapu upesi kuliko mawimbi hayo. Ndiyo maana mafundi wa Arusha, ambao wengi wao wamelelewa na magari ya kupeleka watalii mbugani, wanaijua shokapu kuliko wenzao wa miji yenye barabara laini.

Katika gereji za namna hiyo, chini ya mwembe au paa la mabati, swali lifuatalo halina mzaha hata kidogo: mtu mwenye gari la zamani la Kimarekani, lile ambalo Wamarekani wenyewe huliita gari la misuli, lenye injini kubwa ya silinda nane, alifunge shokapu gani? Magari ya aina hiyo ni adimu Arusha, na anayelimiliki moja huenda akadhaniwa kuwa na pesa za kuchezea. Hata hivyo jibu la swali lake limekwisha kutolewa mara kadhaa katika historia ya Afrika ya Mashariki, kwa gharama kubwa, na kila mara barabara ndiyo iliyolitoa.

Yafaa kuanza na jina, maana jina lenyewe linapotosha. Shokapu ni neno la Kiingereza lililokatwa mkia na mafundi, na kwa Kiingereza lina maana ya kitu kinachofyonza pigo. Mfasiri akilichukua neno hilo kama lilivyo, ataandika kifyonzapigo, na atakuwa ameifasiri kosa. Kinachopokea pigo ni springi. Gurudumu likipanda jiwe, springi ndiyo inayojikunja na kulimeza pigo. Taabu ya springi ni kwamba haiwezi kukaa na ilichokimeza. Huachia, ikajinyoosha kupita kipimo, ikajikunja tena, ikanyooka tena, na gari likaendelea kucheza hali jiwe liko nyuma mita ishirini. Kazi ya shokapu ni kuukomesha mchezo huo. Ndani yake mna pistoni inayosukuma oili kupitia matundu madogo, na oili ikilazimishwa kupita penye finyu hupata moto. Nguvu iliyokuwa ikilichezesha gari hugeuka joto, na joto likaenda zake hewani. Waingereza wanalijua kosa la jina lao. Wahandisi wao, wanapoandika vitabuni, hutumia neno jingine lenye maana ya kinyamazishi. Mwenye kughani shairi ataelewa bila ya kuchora mchoro: sauti isiyokomeshwa kwenye kituo huingia katika mshororo unaofuata na kuuharibu. Shokapu mbovu hulifikisha gari kwenye shimo la pili hali bado linalia shimo la kwanza.

Hayo si mambo ya starehe tu. Gurudumu linalodunda haligusi ardhi kila wakati, na gurudumu lisilogusa ardhi halishiki breki wala halitii usukani. Wengi waliopinduka penye kona ya changarawe walilaumu mwendo, na mwendo kweli ulikuwapo, lakini mwendo uleule juu ya shokapu nzima ungewabakiza njiani.

Wazo la kuinyamazisha springi lilitoka Ufaransa. Mnamo mwaka 1900 hivi Mfaransa Jules Truffault alibuni kifaa cha vipande vinavyosuguana, na Mmarekani Edward Hartford akakipeleka kwao akakifanya biashara. Msuguano mkavu una kasoro: hushika sana pasipohitajika na hulegea panapohitajika. Mfaransa mwingine, Maurice Houdaille, akatumia oili, na shokapu za namna yake, zenye mkono unaozunguka, ndizo zilizofungwa kwenye Ford ya Model A tangu mwishoni mwa miaka ya 1920. Baadaye ikaja ile ya bomba inayojulikana leo. Hatua ya mwisho iliyo kubwa ilikuwa ya Christian Bourcier de Carbon, naye Mfaransa, ambaye katika miaka ya 1950 aliitia gesi yenye mgandamizo mkali ndani ya shokapu ya bomba moja. Kampuni ya Bilstein ya Ujerumani ikaichukua, na mwaka 1957 ikaanza kufungwa kwenye Mercedes-Benz. Sababu ya gesi hiyo itaelezwa mbele, kwa kuwa ndiyo inayowagawa wanunuzi wa Arusha hadi leo.

Barabara za Afrika ya Mashariki ziliingia katika habari hii mwaka 1953, yalipoanza mashindano ya magari ya kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Tangu mwaka 1960 yakaitwa Safari ya Afrika ya Mashariki. Hayakuwa mashindano ya uwanjani. Yalikuwa maelfu ya kilomita za vumbi, mawe na, yakiangukia msimu wa masika, tope, na katika upande wa Tanganyika nyanda za Mbulu zilikuwa na sifa mbaya kuliko nyingi nyingine. Mwaka 1963, katika magari 84 yaliyoanza, yalimaliza 7 tu. Kampuni za Ulaya, Japani na Marekani zilitambua kwamba hapa palikuwa na maabara ambayo hakuna kiwanda kingeweza kuijenga. (Watu wa Arusha walikuwa wamekwisha kuona onyesho jingine la namna hiyo: filamu ya Hatari! ya Howard Hawks, iliyotoka mwaka 1962, ilipigwa katika maeneo yao, na sehemu kubwa yake ni jipu na malori yakirukaruka porini kuwafukuza vifaru na twiga. Aliyewahi kutambaa chini ya gari huitazama filamu ile akiihurumia ekseli.)

Mwezi Machi 1964 Wamarekani wakaja. Tawi la Mercury la kampuni ya Ford lilileta kikosi cha magari ya Comet yenye injini za silinda nane, yaliyotayarishwa na Bill Stroppe wa California, mtu mwenye jina katika mashindano ya jangwani. Nguvu ya injini haikuwa na mfano wake katika orodha ya washindani. Ushindi ukaenda kwa Ford nyingine, Cortina ndogo ya Uingereza iliyoendeshwa na Peter Hughes akiwa na Billy Young. Katika Comet zote zilizofika mwisho ni mbili, ya 18 na ya 21. Iliyoshika nafasi ya 21 iliendeshwa na Joginder Singh, Singasinga aliyezaliwa Kericho mwaka 1932, fundi tangu ujana wake.

Mwaka uliofuata Joginder na nduguye Jaswant walishindana na Volvo PV544 iliyokwisha kutumika. Volvo ilikuwa miongoni mwa kampuni zilizoumizwa mwaka 1964, na gari lao lilibaki Kenya likauzwa. Ndugu wawili wakalifungua, wakalitengeneza kwa mikono yao, wakashinda Safari ya 1965. Dereva mmoja, barabara zilezile, miezi kumi na miwili kati yake. Katika gari jipya la kiwandani lenye misuli akawa wa 21, katika gari kuukuu alilolitengeneza mwenyewe akawa wa kwanza. Si haki kudai kwamba shokapu peke yake ndiyo iliyoleta tofauti hiyo. Uzito, matairi, bahati na tope vyote vilikuwamo. Lakini fundi wa Afrika ya Mashariki hakupewa ushahidi ulio wazi zaidi ya huu kwamba gari hutengenezwa kwa ajili ya njia litakayopita, na kwamba anayeijua njia ana neno la kumwambia aliyelijenga gari.

Kuna jambo jingine katika habari ya Comet linalomhusu moja kwa moja mwenye Mustang wa Arusha. Mustang ilizinduliwa New York tarehe 17 Aprili 1964, wiki chache tu baada ya Safari ile. Nayo na Comet ni watoto wa tumbo moja: zote zilijengwa juu ya msingi wa gari jepesi la Ford Falcon. Mbele, springi ya mviringo imekaa juu ya mkono wa juu wa gurudumu, na shokapu imesimama ndani ya springi hiyo, kichwa chake kikifungwa kwenye mnara wa bati uliomo ndani ya kabati la injini. Nyuma kuna ekseli moja nzima iliyolalia springi za majani, kama lori dogo, na shokapu mbili zilizofungwa chini kwenye ekseli na juu kwenye sakafu ya buti. Gari halina chasisi ya kujitegemea. Bodi ndiyo chasisi. Kila pigo ambalo shokapu ya mbele inashindwa kulinyamazisha huuendea mnara ule wa bati, na mnara, baada ya mapigo ya kutosha, hupasuka.

Ford walilijua hilo. Mustang zilizouzwa nyumbani kwao zilikuwa na vyuma viwili vyembamba vya kuishikilia minara na ukuta wa injini. Zile zilizotengenezwa kwa ajili ya nchi za nje, ambako barabara zilidhaniwa kuwa mbaya zaidi, zilifungwa kipande kimoja kikubwa cha bati nene. Kipande hicho bado kinauzwa hadi leo kwa jina la chuma cha magari ya nje. Mwenye gari Arusha anayetaka kujua aanzie wapi, na aanzie hapo, kabla hajafungua mfuko kwa ajili ya shokapu. Shokapu nzuri juu ya mnara uliopasuka ni sawa na tanga jipya juu ya mlingoti uliooza.

Marekani kwenyewe magari ya misuli yalichaguliwa shokapu kwa hesabu nyingine. Mwaka 1965 Carroll Shelby aliifunga Mustang yake ya GT350 shokapu za Koni, za Uholanzi, ngumu na zenye kurekebishika, kwa sababu gari lilikusudiwa uwanja wa mashindano uliosakafiwa. Mwaka 1968 Mustang zenye injini kubwa kabisa na gia za mkono zilipewa shokapu za nyuma zilizopishana, moja mbele ya ekseli na nyingine nyuma yake, ili dereva akikanyaga mafuta kwa ghafla ekseli isijipinde na matairi yasidunde. Hayo ni majawabu mazuri ya maswali ya California. Anayelinunulia gari lake shokapu kwa kufuata sifa hizo huku akiishi Sombetini amejibu swali ambalo hakuulizwa. Ugumu unaolitia gari nidhamu kwenye lami laini, kwenye changarawe huliruka: gurudumu halipati nafasi ya kufuata mawimbi, likawa linaelea juu ya ncha zake, na dereva akadhani barabara imekuwa utelezi.

Halafu ukaja wakati ambapo hakuna aliyechagua. Safari, iliyopita nchi tatu, katika miaka ya 1970 ikawa ya Kenya peke yake. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, na Tanzania ikaufunga mpaka wake na Kenya. Kwa mji kama Arusha, ulioketi kilomita mia moja na ushei kutoka Namanga na uliozoea kuletewa vipuri kutoka Nairobi, lilikuwa pigo lisilo na springi. Ikafuata vita ya Kagera, ikafuata njaa ya fedha za kigeni. Petroli ikatolewa kwa mgao, na kuna wakati hata kuendesha gari Jumapili alasiri kulikatazwa. Mpaka ulifunguliwa mwishoni mwa mwaka 1983, baada ya makubaliano ya kugawana mali za Jumuiya kufikiwa hapohapo Arusha, na mwaka 1984 serikali ikawaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa.

Miaka hiyo ndiyo iliyozaa maarifa ambayo hayakuandikwa popote. Kiwanda huiziba shokapu daima, kikikusudia itupwe itakapochoka. Fundi wa Tanzania hakuwa na ya kuitupia. Aliitoboa, akaimwaga oili iliyokwisha kuwa nyeusi, akatafuta sili ya kipimo kinachokaribiana, akajaza oili nyingine, akachomelea tundu. Aliyekuwa na ujuzi alipima oili kwa kikombe na kuacha nafasi ya hewa, kwa kuwa shokapu ya bomba mbili iliyojazwa pomoni haina pa kuisukumia oili pale ufito unapoingia, ikapasuka. Asiyekuwa na ujuzi alijaza mpaka juu. Oili nyepesi ya giaboksi ikatumika, nzito ya injini ikatumika, na kila moja ikalipa gari tabia yake. Kazi ile bado inafanywa nchini, na ni rahisi kuicheka. Anayeicheka na akumbuke kwamba katika miaka hiyo mabasi na magari ya hospitali yalitembea kwa mikono hiyohiyo. Jambo lisilopaswa kufanywa ni kuileta desturi hiyo kwa shokapu ya gesi kali, ambayo ukiitoboa hukurushia oili na chuma usoni, au kwa gari ambalo mnara wake tayari umezeeka.

Leo bidhaa zimejaa, na wingi nao una shida yake. Mwenye gari hukutana kwanza na mgawanyiko ule wa bomba moja na bomba mbili. Kwenye mawimbi ya changarawe pistoni huenda na kurudi mara nyingi kwa sekunde. Oili hupata moto, hewa ikachanganyika nayo, ikawa povu. Pistoni inayosukuma povu haisukumi kitu. Dereva huhisi gari likilegea taratibu, kisha baada ya mapumziko ya nusu saa limepona, akadhani amelisingizia. Shokapu ya bomba moja, yenye gesi ya naitrojeni iliyogandamizwa nyuma ya pistoni ya pili, huizuia oili isitoe povu, na joto hutoka upesi kwa kuwa ukuta ni mmoja. Kwa hoja hii wauzaji hupenda kuimaliza habari. Lakini bomba moja lina udhaifu ambao mtu wa lami haufikirii: pistoni hutembea juu ya ukuta uleule unaoonekana nje. Jiwe moja la Meru likirushwa na tairi na kuubonyeza ukuta huo, pistoni hukwama, na shokapu ya bei kubwa ikawa nondo. Shokapu ya bomba mbili huvumilia kubonyezwa, kwa kuwa kazi inafanyika katika bomba la ndani.

Kwa Mustang mizani hulemea upande mmoja. Shokapu za mbele zimefichwa ndani ya springi, jiwe haliwafikii kirahisi. Za nyuma ziko wazi. Tena gesi kali husukuma ufito wakati wote, ikauinua mbele wa gari kidogo na kuutwisha mnara mzigo usio na likizo. Gari linalokaa mjini, likatoka mara mojamoja kwenda Karatu au Babati, linafaa shokapu ya bomba mbili yenye naitrojeni ya mgandamizo mdogo, ya ugumu wa wastani, mbele na nyuma za aina moja. Mwenye kushindana changarawe ana hesabu nyingine: huyo hutafuta bomba nene la mashindano lenye chupa ya oili ya pembeni, akaimarisha minara na sehemu za kufungia nyuma, na bei yake inaweza kumnunulia gari jingine zima.

Baada ya aina, urefu. Na hapa ndipo magari mengi ya kale yanapouawa kwa nia njema. Shokapu halisi ya gari la mwaka 1966 haipatikani Arusha wala Dar es Salaam. Huagizwa ng'ambo, ikachukua wiki, ikatozwa ushuru. Fundi, kwa huruma, humwambia mteja: “Mzee, mbona ya Hiace inaingia tu, tunabadilisha bushi.” Kuingia inaingia. Lakini shokapu iliyo ndefu mno hufika mwisho wake kabla ekseli haijaigusa raba ya kuizuia, na kila shimo likawa nyundo inayogonga sakafu ya buti. Iliyo fupi mno huwa kamba inayoininginiza ekseli gurudumu linaposhuka, hadi sikio lake likatike. Dawa ni kupima mara mbili, gari likiwa limesimama kwa uzito wake na likiwa limeinuliwa magurudumu yakining'inia, na kuhakikisha kwamba shokapu ina nafasi ya ziada pande zote mbili. Aliyeongeza jani kwenye springi za nyuma ili gari lisiburute chini, kama wengi wafanyavyo, lazima apime upya. Vipimo vya kitabu si vyake tena.

Bandia ni adui wa mwisho. Majina makubwa, na hasa KYB ya Japani inayopendwa sana nchini, huigizwa, na Tume ya Ushindani imekuwa ikikamata bidhaa bandia za namna nyingi mwaka hadi mwaka. Boksi si ushahidi. Mafundi wazoefu huisimamisha shokapu wima, huivuta na kuikandamiza mara kadhaa ili hewa itoke, kisha huisikiliza kwa mkono: ukinzani uwe wa namna moja tangu mwanzo hadi mwisho, bila ya pengo, na jozi ya kulia na kushoto zifanane. Ufito uwe umeng'ara bila ya mchubuko. Hununuliwa mbili, hazinunuliwi moja, kwa kuwa gari lenye shokapu mpya upande mmoja huvuta linapofunga breki.

Njia ya kienyeji ya kulikandamiza gari kwa kona ya bampa na kuliachia, ili ionekane linacheza mara ngapi, ni ya kutambua maiti tu. Shokapu iliyochoka nusu huipita bila ya taabu. Mafundi wa safari za mbugani wana kipimo kilicho bora. Gari likirudi kutoka kwenye njia mbaya, kabla halijapoa, huzishika shokapu zote nne kwa kiganja. Zilizo moto zimefanya kazi. Iliyo baridi imekufa, hata kama haivuji tone, kwa sababu nguvu ya springi haikugeuzwa joto ndani yake. Imekwenda kwingine, mara nyingi kwenye bati.

Kwamba gari la misuli linaweza kuishi katika barabara hizi si jambo la kubahatisha tena. Mwaka 2003, katika kuadhimisha miaka 50 ya Safari, yalianzishwa mashindano ya magari ya kale ya Afrika ya Mashariki, ambayo katika matoleo yake kadhaa yalivuka mpaka kuingia kaskazini mwa Tanzania. Mwaka 2009 yalishindwa na Mkenya Ian Duncan, bingwa wa Safari ya mwaka 1994, na gari lake lilikuwa Ford Mustang. Ilichukua miaka 45 tangu Comet ziliposhindwa. Mfumo wa springi ulibaki wa ukoo uleule. Kilichobadilika ni kwamba safari hii gari la Kimarekani lilitayarishwa na watu wanaoijua changarawe. Habari za ushindi huo zilimtaja dereva, kama ilivyo desturi. Waliochomelea minara na kuzijaribu shokapu hawatajwi, na katika magazeti ya 1965 hawakutajwa pia, isipokuwa kwa bahati kwamba fundi na dereva wa mwaka ule walikuwa mtu mmoja.

Oktoba 2024 Arusha ilijaa Land Rover za kila umri, zilizoitwa kutoka kila pembe ya nchi ili kuvunja rekodi ya dunia ya msafara wa magari hayo. Nyingi miongoni mwao zina umri wa Mustang ile, na zimekaa barabarani bila ya kupumzika. Shokapu zake zimebadilishwa mara zisizohesabika. Kwa Mustang ratiba haiwezi kuwa pungufu ya hapo: baada ya kilomita elfu moja za kwanza nati za juu na za chini zikazwe upya, buti lifunguliwe zikaguliwe sehemu za nyuma, na boneti liinuliwe mchana wa jua kali, minara ya bati ifutwe vumbi na kutazamwa penye maungio, kwa maana ufa wa kwanza huwa mwembamba kama unywele.